Nyandika Maiyoro, Mtu wa Kutangulia

Jumamosi tarehe 10 Julai 1954, uwanja wa White City jijini London umefurika watu. Wakimbiaji wa maili tatu wamejipanga kwenye mstari, na mmoja wao hana viatu. Bastola inalia. Yule wa miguu mitupu anachomoka kana kwamba mbio ni za mzunguko mmoja tu, na kabla watazamaji hawajakaa vizuri ameshawaacha wenzake mbali. Jina lake Nyandika Maiyoro, Mkisii kutoka Kenya. Uwanja mzima unamtazama, na karibu kila mtu anawaza jambo moja: huyu hajui kukimbia.

Ninyi mnaosoma Embu, Runyenjes, Chuka, Nkubu na Maua, nataka mumjue mtu huyu. Mnawajua akina Kipchoge na akina Faith Kipyegon. Yeye alikimbia wakati ambapo Kenya haikuwa hata na bendera yake, na hao mnaowajua walikuja kwa njia aliyoipasua yeye na wenzake wachache.

Kwanza tuelewane maili tatu ni nini. Ni karibu kilomita 4.8, na katika viwanja vya siku hizo ilikuwa mizunguko 12. Rekodi ya dunia iliyowekwa siku ile, ambayo tutaifikia sasa hivi, ilikuwa dakika 13 na sekunde 32.2. Ukiigawa kwa mizunguko 12, kila mzunguko ni chini kidogo ya sekunde 68. Nendeni uwanja wa shule, pimeni meta 400, mkimbie mzunguko mmoja kwa sekunde 68. Wengi wenu mtaweza. Kisha fikirieni kuurudia mara 11 bila kusimama, bila hata kumeza mate kwa raha.

Wataalamu wa Uingereza walikuwa na kanuni yao kuhusu kazi hiyo. Mkimbiaji mwenye akili, walisema, hugawa nguvu zake sawasawa. Mzunguko wa kwanza ufanane na wa tano, wa tano ufanane na wa kumi, na akiba ndogo ibaki kwa ajili ya mwisho. Kanuni hiyo si upuuzi. Ukianza kwa kasi kuliko pumzi yako, misuli hulazimika kufanya kazi bila oksijeni ya kutosha, na deni hilo hulipwa baadaye kwa maumivu: mapaja yanakuwa mazito, mikono inakakamaa, hatua zinafupika. Ndiyo maana watu wa White City walipomwona Maiyoro akitangulia namna ile, walikuwa na hakika kwamba ataanguka.

Siku moja kabla walikuwa wamemwona Mkenya mwingine, Lazaro Chepkwony, katika mbio za maili sita dhidi ya Gordon Pirie, nyota wa Uingereza. Chepkwony naye alikuwa miguu mitupu, na alifanya jambo la ajabu zaidi: anakwenda mbio, anapunguza, anachomoka tena, anapunguza tena. Mwisho msuli ukamuuma, akatoka. Kwa wengi waliokuwa pale huo ulikuwa ushahidi tosha. Waafrika, walisema, wana nguvu lakini hawana maarifa ya mbio ndefu. Huenda wakafaa kwa mbio fupi na kuruka juu.

Basi Maiyoro akawa mbele, na nyuma yake wako Waingereza wawili hodari, Fred Green na Chris Chataway. Chataway ni yule aliyekuwa amemsaidia Roger Bannister miezi miwili nyuma kuwa mtu wa kwanza kukimbia maili moja chini ya dakika nne. Wawili hawa walikuwa na uamuzi wa kufanya: wamwache Mwafrika aende zake, au wamfuate? Walimfuata. Kwa kumfuata walijikuta wako kwenye mwendo ambao pengine wasingeuthubutu wakiwa peke yao, na walipompita waliendelea nao hadi utepe. Walimaliza bega kwa bega kwa muda mmoja, dakika 13 na sekunde 32.2, rekodi mpya ya dunia. Green akapewa ushindi.

Na Maiyoro? Hakuanguka. Alikuwa wa tatu, kwa dakika 13 na sekunde 54.8. Hapo ndipo ninapotaka mtulie kidogo. Mtu ambaye kila mmoja alisema hajui kukimbia aliwashinda Waingereza wote waliokuwapo isipokuwa wawili, na wawili hao walilazimika kuvunja rekodi ya dunia ili wamwache.

Maiyoro alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1930 katika milima ya Kisii, nchi ya migomba na mvua nyingi, ambayo kijana wa Meru akifika huko hujiona yuko nyumbani. Kipaji chake kilijulikana mapema. Wazee wa riadha husimulia kuhusu safari yake ya Antananarivo, Madagaska, ambako mbio zilianzishwa yeye hajafika kwenye mstari. Alianza wenzake wakiwa wameshamwacha karibu meta 100, akawafuata mmoja mmoja, akashinda. Nimeisikia habari hiyo ikisimuliwa kwa njia mbalimbali, lakini katika kila simulizi mwisho ni uleule.

Mwaka 1951 chama cha riadha cha Kenya kiliundwa, na ofisa wa michezo wa serikali ya kikoloni, Archie Evans, akaanza kuwakusanya wakimbiaji kutoka mashindano ya wilaya, ya polisi na ya magereza. White City penyewe palikuwa pa kupitia tu. Timu ilikuwa njiani kwenda Vancouver, Kanada, kwenye michezo ya nchi zilizotawaliwa na Uingereza, ile tunayoiita leo Michezo ya Jumuiya ya Madola. Huko, Agosti 1954, Maiyoro alikimbia tena maili tatu na kumaliza wa nne, nyuma ya Chataway, Green na Frank Sando, kwa dakika 13 na sekunde 43.8. Linganisheni na muda wake wa London. Katika mwezi mmoja alikuwa amepunguza sekunde 11.

Sasa kijana wa Nkubu ana haki ya kuniuliza: kwa nini Kisii? Kwa nini si hapa kwetu? Milima tunayo. Baridi ya asubuhi tunayo. Watoto wa Meru na Embu nao walipanda na kushuka mabonde wakienda shule.

Swali hilo ni zuri, na jibu lake limo katika tarehe. Aprili 1954, miezi mitatu kabla ya mbio za White City, majeshi ya Waingereza yaliuzingira mji wa Nairobi katika operesheni waliyoiita Anvil, na Wakikuyu, Waembu na Wameru wakakamatwa kwa maelfu. Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa tangu Oktoba 1952. Kuanzia katikati ya mwaka 1954 familia za sehemu hizi zilitolewa katika mashamba yao na kukusanywa kwenye vijiji vya ulinzi vilivyozungushiwa mitaro yenye miti iliyochongwa, na jioni kafyu. Kutoka nje ya wilaya kulihitaji kibali. Kijana mwenye mbio aliyekutwa akikimbia njiani alfajiri asingetafutiwa kocha. Angepigwa risasi, au angepelekwa kizuizini.

Watu hupenda kueleza riadha ya Kenya kwa mwinuko wa nchi peke yake. Ni kweli kwamba anayekulia juu hupumua hewa yenye oksijeni kidogo, na mwili wake hujifunza kuitumia vizuri na kutengeneza chembe nyekundu nyingi zaidi za damu. Lakini mwinuko haumpi mtu ruhusa ya kusafiri. Wako vijana wengi wa miteremko ya Mlima Kenya waliozaliwa miaka ileile ya Maiyoro, na pumzi zao zilitumika kwa mambo mengine kabisa. Baadhi walikuwa msituni pamoja na Musa Mwariama, aliyekaa katika misitu ya Meru hadi Desemba 1963, Uhuru ulipofika. Wengine walikuwa Mwea, ambayo siku hizo ilikuwa ndani ya Wilaya ya Embu, wakichimba kwa mikono mifereji ya mashamba ya mpunga wakiwa wafungwa wa kizuizini. Mchele wa Mwea tunaoupenda ulianzia hapo. Wangekuwa wakimbiaji? Ninaamini baadhi yao wangekuwa.

Kumbukeni hayo tunapofika mwaka 1956.

Mwaka huo Kenya ilipeleka timu yake ya kwanza katika Olimpiki, huko Melbourne, Australia. Tarehe 21 Oktoba Dedan Kimathi alikamatwa katika msitu karibu na Nyeri. Tarehe 22 Novemba michezo ya Melbourne ikafunguliwa, na Nyandika Maiyoro alikuwa miongoni mwa wale walioiwakilisha Kenya chini ya mtawala Mwingereza.

Uwanja aliokimbilia una habari yake, nami siwezi kuupita. Unaitwa Melbourne Cricket Ground, na wenyeji wameugawia michezo miwili: kriketi wakati wa joto, na wakati wa baridi mpira wao wa miguu, ambao si huu wetu. Wachezaji ni 18 kila upande. Mpira una umbo la papai, na mchezaji anaweza kuupiga teke, kuudaka angani, kuupiga kwa ngumi kumpa mwenzake, au kukimbia nao mradi audundishe chini kila baada ya hatua kadhaa. Kila mwisho wa uwanja kuna milingoti minne. Ukipita kati ya miwili ya katikati kwa teke ni pointi sita. Ukipita kando, kati ya mlingoti wa katikati na wa nje, ni pointi moja. Watu wa Melbourne wanaupenda mchezo huo kupita kiasi. Septemba 1956, wiki chache tu kabla ya Olimpiki, watazamaji 115,802 walijazana humo kuona timu ya Melbourne ikiifunga Collingwood katika fainali. Wakati wa Olimpiki yenyewe, tarehe 7 Desemba, waliucheza mbele ya wageni ili dunia iuone. Lakini siku nyingi za michezo ile uwanja uliwekwa njia ya mbio ya udongo mwekundu, na humo ndimo Maiyoro alimoshuka.

Mwenge siku ya ufunguzi uliingizwa na kijana wa Melbourne mwenye miaka 19 aitwaye Ron Clarke. Cheche zilimuunguza mkono akiwa anakimbia nao. Huyu Ron alitoka katika nyumba ya wachezaji wa mpira huo wa papai: baba yake aliuchezea klabu ya Essendon, na kaka yake Jack Clarke alikuwa nyota wa klabu hiyohiyo, akawa nahodha wake walipotwaa ubingwa wa mwaka 1962. Ron akachagua mbio. Likumbukeni jina lake.

Fainali ya meta 5,000 ilikuwa tarehe 28 Novemba. Maiyoro alikuwa ameshinda kikwazo cha kwanza kwa kuvuka mchujo na kuingia fainali. Mbele ya wote siku hiyo alikuwa Vladimir Kuts, baharia wa Umoja wa Kisovieti. Siku tano kabla Kuts alikuwa amemvunja Gordon Pirie katika meta 10,000 kwa mbinu moja: anachomoka, anapunguza, anachomoka tena, hadi Pirie akaishiwa kabisa. Katika meta 5,000 akatangulia mapema na hakuna aliyemfikia. Dunia ilimsifu Kuts. Makocha waliandika vitabu kumhusu.

Sasa mnaona kinachonisumbua. Kule kuchomoka na kupunguza ndiko alikokufanya Chepkwony mwaka 1954, na kule kutangulia tangu mwanzo ndiko alikokufanya Maiyoro siku iliyofuata. Walipokufanya Wakenya wasio na viatu, kuliitwa ujinga. Alipokufanya Msovieti mwenye mazoezi ya jeshi la majini, kukaitwa mbinu. Ni kweli Kuts alishinda na Chepkwony alitoka. Kuts alikuwa amejiandaa kwa miaka kwa ajili ya mbinu ile, akiwa na makocha na taifa kubwa nyuma yake. Ila wazo lenyewe halikuwa la kijinga, na watu wetu walikuwa nalo.

Maiyoro alimaliza wa saba, mbele yake wakiwemo watu walioshikilia rekodi za dunia. Wa saba duniani, katika Olimpiki ya kwanza ya nchi yake.

Miaka minne baadaye, Roma 1960, alirudi. Fainali ya meta 5,000 ilichukuliwa na Murray Halberg wa New Zealand. Maiyoro alikuwa wa sita, kwa dakika 13 na sekunde 52.8. Muda huo ungempatia medali kule Melbourne, kwa sababu mtu wa tatu wa 1956 alimaliza kwa 13:54.4. Lakini dunia nzima ilikuwa imesonga mbele. Medali ya Olimpiki hakuwahi kuipata. Nawaambia hivyo bila kuficha, maana kuna wanaosimulia maisha ya mashujaa kana kwamba kila mmoja alirudi nyumbani na dhahabu.

Aliporudi alikuwa amewaonyesha wengine jambo ambalo halikuwa limeonekana. Mkisii mwenzake, Arere Anentia, alikuwa ameshaleta medali ya shaba ya maili sita kutoka Cardiff mwaka 1958. Nyuma yao alikuwa anakuja kijana mwingine wa Kisii, mfupi, mkimya, mwenye mapafu makubwa: Naftali Temu.

Hapa ndipo Ron Clarke anaporudi. Kufikia katikati ya miaka ya 1960 yule kijana wa mwenge alikuwa amevunja rekodi nyingi za dunia kuliko mkimbiaji yeyote wa wakati wake. Agosti 1966, mjini Kingston, Jamaika, alijipanga kwenye mstari wa maili sita akiwa na hakika ya ushindi. Temu alimwacha kwa karibu sekunde 25. Kisha Kipchoge Keino akamshinda katika maili tatu. Tarehe 13 Oktoba 1968, Mexico City, katika meta 10,000, Temu alitwaa dhahabu ya kwanza ya Olimpiki ya Kenya. Clarke alimaliza wa sita na kuanguka papo hapo, akawekewa oksijeni. Mji ule uko meta 2,240 juu ya bahari, na mtu wa pwani ya Melbourne hakuwa na njia ya kujificha.

Wiki moja baadaye, katika meta 1,500, Ben Jipcho alitoka kwa kasi kubwa mzunguko wa kwanza, Keino akachukua uongozi na kuendelea nao, na Mmarekani Jim Ryun, aliyekuwa bingwa wa kumalizia, alijikuta yuko nyuma sana. Walikuwa wamefanya lile la White City kwa makusudi, wakiwa wawili, wakiwa na hesabu kamili. Ukimwogopa mtu kwa sababu ya nguvu zake za mwisho, hakikisha akifika mwisho hana nguvu. Safari hii nani angesema kwamba Wakenya hawajui kukimbia?

Maiyoro aliyaona hayo yote akiwa hai. Aliishi Kisii hadi uzee na akafariki Februari 2019, akiwa na umri wa miaka themanini na kitu.

Na Embu? Embu iliingia katika habari hii kwa mlango mwingine. Juu ya mji, mkielekea msitu wa Mlima Kenya, kuna Chuo cha Walimu cha St. Mark's, Kigari. Kwa miaka mingi timu ya taifa ya mbio za nyika ilipiga kambi hapo kabla ya mashindano ya dunia. Wazazi wenu wa sehemu hizo waliwaona: kundi la watu wembamba alfajiri, barabara ya vumbi inayopanda bila kuonyesha mwisho. John Ngugi alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za nyika mara tano, Paul Tergat mara tano. Katika kambi ya namna hiyo mkimbiaji hangoji. Anayetangulia anawavuta wengine, akichoka anashika mwingine, na asiyeweza kwenda na kundi hapati nafasi kwenye ndege.

Mbio za nyika huhesabiwa hivi: nafasi ya kila mkimbiaji ni pointi zake, na siku hizo kila timu ilihesabiwa watu wake sita wa kwanza. Wa kwanza ni pointi moja, wa pili mbili, na timu yenye jumla ndogo ndiyo bingwa. Mwaka 1988, mjini Auckland, New Zealand, wanaume wa Kenya walishika nafasi nane kati ya tisa za mwanzo. Walioingia katika hesabu walikuwa wa 1, wa 2, wa 3, wa 4, wa 6 na wa 7. Jumlisheni: ni 23. Ubingwa huo wa timu walikuwa wameanza kuutwaa mwaka 1986, na hawakuuachia hadi walipoubeba mara ya 18 mfululizo mwaka 2003.